Bubu wa Sekunde Themanini

Kuna watu wawili kule Ikungi, kaka na dada, wote wamevuka miaka sabini, ambao Jumamosi moja saa nne asubuhi waliambiwa kwamba mimi ni bubu, saa tano wakashuhudia nikipona, na kabla kuku hajaiva wakajua kwamba sijawahi kuwa bubu hata siku moja maishani mwangu. Kila nikikumbuka mfuatano huo najifunika kanga usoni, hata nikiwa peke yangu chumbani. Nawasimulia leo kwa sababu najua mmeshasikia vipande vipande kutoka kwa kaka yangu Yona, na Yona akisimulia huwa anasema sehemu yangu yote mpaka mwisho, ila ya kwake anairuka.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo hamtanielewa. Nashona nguo hapa Kinampanda, ufundi nilijifundisha mwenyewe kwa kufumua nguo za mama na kuzirudisha kabla hajarudi kutoka shambani (aligundua siku alipovaa gauni lake la kanisani akakuta mikono yote miwili ni ya kushoto). Mshono ukipinda kwa upana wa unywele nafumua wote. Mteja ataniambia, dada Sifa, mbona uko sawa tu, nami nitamwambia haya, nitamrudishia nguo, kisha usiku sitalala. Sijivuni kwa hilo, nawaambia ni ugonjwa.

Sasa, mwaka jana wakati wa ule upepo wa baridi, niliamka asubuhi nikanywa chai, na chai ikatoka upande wa kushoto wa mdomo ikateremka mpaka kifuani. Mama akaniangalia akasema, "Sifa, mbona unacheka upande mmoja?" Nikamwambia sicheki, mama. Hapo ndipo wote wawili tukaogopa. Jicho la kushoto halifumbi vizuri, shavu limelala, mdomo umevutwa kwenda kulia kama pazia lililoshikwa kamba upande mmoja. Jirani akasema ni upepo mbaya, mwingine akasema nimepigwa kiharusi, hospitali wakasema si kiharusi, ni mshipa wa fahamu wa uso umevimba, wakanipa dawa, na baadaye wakanituma Singida mjini kwa mtaalamu wa mazoezi tiba.

Mtaalamu mwenyewe alikuwa kijana mpole, akanikalisha mbele ya kioo na kunionyesha: nyanyua nyusi, fumba macho taratibu, bana midomo kama mtu anayepuliza uji wa moto, jaza shavu upepo, tabasamu bila kuonyesha meno. Mara kumi kila moja, mara tatu kwa siku. "Polepole," akasema, "na usizidishe. Misuli ya uso si ya kubebea magunia ya alizeti. Tunaifundisha upya, hatuilazimishi." Nilisikia kila neno isipokuwa usizidishe. Niliporudi nyumbani nilinunua daftari la kaunta, nikachora mistari kwa rula, zoezi, saa, idadi, na safu ya mwisho ya nyota niliyokuwa najipa mwenyewe nikifaulu, na pale aliposema kumi mimi niliandika ishirini.

Halafu nikaingia kwenye simu, na huko nikakutana na zoezi la maji. Unaweka maji mdomoni, unafunga midomo, unakaa nayo bila tone kutoka. Mtu wa kwenye video alianza na kijiko kimoja kwa nusu dakika na akaishia hapo, akaaga. Mimi baada ya wiki sita nilikuwa nimefika vijiko vinne na nautafuta muda wa dakika tano. Nilikuwa nimeshindwa mara tatu, zote kwenye dakika ya nne, na safu ya nyota ilikuwa na mapengo matatu ambayo yalinikera kuliko uso wenyewe. Na jambo jingine ambalo daftari halikuonyesha ni kwamba nilikuwa nimeacha kuongea na watu. Wateja nawaandikia ujumbe, kanisani nakaa benchi la nyuma, nikilazimika kusema naweka kiganja mdomoni, kwa sababu maneno yangu yalikuwa yanatoka na mate na upepo. Nilijiwekea nadhiri kwamba nitaongea tena siku uso utakapokuwa sawa kabisa pande zote mbili, kama shingo ya shati iliyokatwa vizuri.

Sasa tuingie kwenye siku yenyewe. Yona anafundisha shule ya msingi Ikungi, na huko akampenda Rehema, ambaye alilelewa na babu yake, Mzee Ntandu. Barua ya posa ilishakwenda na ilishasomwa, kilichobaki ni mzee kuja kuona nyumbani kwetu, watu wake tukoje, ndipo atoe neno. Na huyu mzee alikuwa na sifa moja iliyomnyima Yona usingizi: anapenda heshima kupita kiasi. Kuna mchumba alishamrudisha kwa sababu mdogo wake wa kiume aliwaamkia wazee akiwa na vile vya kusikilizia muziki masikioni. Yona alinieleza hilo mara nne kwenye simu, ya tano akamweleza mama. "Shikamoo isikike," alikuwa anasema. "Isikike, mama. Asiwepo mtu wa kutikisa kichwa tu." Kwa kuwa baba yetu alishatangulia mbele ya haki, msemaji wetu angekuwa baba mdogo anayekaa Kiomboi, na wageni walitarajiwa saa sita.

Saa nne kasoro nilikuwa nimemaliza kufagia, nimevaa gauni jipya, mama yuko jikoni na kuku wawili, Yona anafuta viti vilivyokwisha kufutwa. Nikaona nina nafasi. Nikaweka simu dirishani ihesabu dakika tano, nikachukua vijiko vyangu vinne vya maji, nikasimama uani nikiangalia ukuta, maana ukiangalia watu unacheka. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakuna tone. Nikatupia simu jicho: tatu na sekunde arobaini. Na hapo nje ya uzio ikasimama Noah nyeupe, akashuka mzee mrefu mwenye kofia na fimbo, na nyuma yake bibi mnene mwenye mkoba.

Walikuwa wamepata usafiri wa mapema. Nilijua ni wao. Na hapo nikafanya uamuzi mdogo, nikiwa na akili zangu timamu: nilijiambia kwamba wanasalimiana kwanza na mama, mama anapenda kusalimia, ataulizia wa nyumbani, ataulizia mvua, ataulizia mifugo, mimi huku namaliza sekunde zangu themanini, nameza, naenda kupiga goti. Hesabu ilikuwa nzuri. Ila mama alikuwa jikoni, Yona yuko ndani anajifuta jasho, na mtu pekee aliyekuwa anaonekana pale uani ni mimi. Mzee akanyoosha njia moja kwa moja mpaka kwangu.

Nikapiga goti. Hilo nililifanya vizuri, nyie. Nikainamisha kichwa, nikatoa mikono miwili. Mzee akaushika mkono wangu, akasubiri. Mimi nimefunga mdomo, mashavu yamejaa kama ya chura. Kutema mbele ya mzee haiwezekani, nikijaribu kumeza vijiko vinne kwa hofu ile ningepaliwa na kumrushia yote kifuani, basi nikamwangalia tu kwa macho mawili, moja likiwa halipepesi.

"Hamjambo hapa," akasema mzee, kwa sauti ya mtu anayetoa nafasi ya pili.

Nikatikisa kichwa. Ndiyo, nilitikisa kichwa.

Bibi akamsogelea kaka yake akasema, bila kupunguza sauti, "Huyu haamkii?"

Yona akatokea mlangoni. Aliona goti, aliona mkono, aliona mzee anageuza uso kutafuta gari lilipo. Mimi simlaumu sana, maana niliona jinsi midomo yake ilivyokauka, na mtu aliyekauka midomo husema lolote linalopita karibu.

"Shikamoo babu, shikamoo bibi," akasema Yona. "Mnisamehe. Huyu dada yangu ni bubu."

Mama alikuwa ndiyo kwanza anatoka jikoni na mwiko. Akasimama. Akaniangalia mimi, akamwangalia Yona, nikaona anapima kati ya kumwita mwanawe mwongo mbele ya wakwe na kukaa kimya, akachagua kukaa kimya, na mwiko ukadondosha mchuzi mguuni kwake bila yeye kusema lolote. Mzee Ntandu akalegea uso mzima. Akanipigapiga mkono wangu aliokuwa bado ameushika. "Pole, mwanangu," akasema. "Marahaba. Nimeipokea hivyo hivyo."

Na nakiri mbele yenu: baada ya uongo wote ule, nilibaki nimepiga goti mpaka nikasikia simu inalia dirishani, ndipo nikameza. Dakika tano. Moyo wangu ulifurahi. Niadhibuni mtakavyo.

Basi nikawa bubu. Nilileta maji ya kunawa nikiwa bubu, nikaleta chai nikiwa bubu. Kumbe bubu watu humweleza mambo yake mbele yake. Bibi Agnesi (ndilo jina la dada wa mzee) alikuwa akitaka kuniambia kitu ananipigia kelele kama niko ng'ambo ya bonde: "SUKARI INATOSHA," na akitaka kunisema mimi anageukia kwa mama na kusema kwa sauti ya kawaida. "Uso ulikuwa mzuri huu, masikini. Ila mdomo umekwenda upande."

"Ni kweli," akasema mama, hana la kufanya.

"Na anafanya kazi gani?"

"Anashona."

Bibi akainua pembe ya kitambaa cha meza, akakitazama kwa makini, akakipitisha kidole. "Pindo limepinda," akasema kwa huruma. "Lakini kwa hali yake amejitahidi sana."

Kile kitambaa mama alikinunua mnadani. Kimeshonwa na mtu nisiyemjua, asiyejua kushona. Nilisimama pale na birika mkononi, jasho linanitoka, nikiwa nimebana midomo kwa nguvu ambayo hakuna zoezi liliwahi kunipa. Yona akanikazia macho. Nikaenda jikoni, nikakanyaga chini mara mbili, nikarudi.

Mambo mengine yalikuwa yanakwenda vizuri, hilo niseme. Mzee alipenda nyumba, alipenda chai, alimsifu Yona kwa kunivumilia. Ila alikuwa akinitazama kila mara, na kila akinitazama anazidi kunywea. Mwishowe akaweka kikombe chini akamwambia mama, "Mama Yona, huyu mtoto siwezi kuondoka hivi hivi. Sisi kwetu mzee akimwona mtoto ana shida, anambariki. Uniruhusu."

Mama angekataaje. Mnajua baraka za wazee wetu zilivyo: mzee anachukua maji, anayaweka mdomoni, anamnyunyizia anayebarikiwa. Nikaletwa katikati ya sebule, nikapigishwa goti, akavua kofia, akachukua kikombe cha bati, akasema maneno kwa Kinyaturu polepole, nami nikawa nimeinua uso kwa adabu. Nikafumba macho. Yaani la kulia likafumba. La kushoto, mnakumbuka, halifumbi vizuri. Mzee akajaza maji, akapuliza, na ule mnyunyizo wote ukaingia kwenye jicho langu lililokuwa wazi.

"Jicho langu, jamani!" nikasema. Kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

Nilisikia kuku anachemka jikoni. Kisha Bibi Agnesi akapiga vigelegele ambavyo sijawahi kusikia hata kwenye harusi, akasimama, akakaa, akasimama tena, akatoa simu kwenye mkoba. "Kaka kamfungua bubu," akamwambia wa upande wa pili. "Ndiyo, kaka. Kaka yangu huyu huyu. Kwa maji ya kikombe." Jirani yetu mmoja akachungulia dirishani kuuliza kama kuna msiba (na huyo ananijua tangu tumbo la mama, akabaki ameduwaa). Yona akaniinamia kama anayenifuta maji, akaninong'oneza, "Nyamaza hapo hapo. Imekwisha vizuri. Tumeshapata."

Alikuwa sahihi. Mzee asingetoka kwenye nyumba ambayo Mungu amemtumia kufanya jambo kama lile halafu akatae kutoa mjukuu. Ningekaa kimya dakika kumi nyingine, kaka yangu angeoa. Lakini nikamtazama mzee. Alikuwa ameketi, kofia magotini, anaangalia mikono yake kama ya mtu mwingine, na machozi yanamtoka bila aibu. Akasema kumwambia dada yake, taratibu, "Agnesi, yule mtoto wa jirani yetu. Ana miaka sita hajatamka neno. Kesho asubuhi uniitie mama yake."

Nyie, hapo nikashindwa. Nikamwona yule mama, nisiyemjua hata kwa sura, akimvalisha mtoto nguo nzuri, akimpeleka. Siwezi kuuacha mshono uliopinda uende kwa mteja, ningewezaje hili. Nikasema, "Babu, mimi si bubu." Neno la kwanza lilitoka na mate. Nikaweka kiganja mdomoni kwa mazoea, halafu nikakitoa, kwa sababu mtu anayekiri amefunika mdomo anaonekana bado anadanganya. Nikamweleza yote, upepo, chai, mshipa wa fahamu, Singida mjini, maji. Na kwa kuwa niliona haamini, nikakimbilia chumbani nikaleta daftari.

Mzee akavaa miwani. Akafunua kurasa moja moja, akapitia mistari, akapitia nyota. Yona alikuwa ameegemea ukuta ana rangi ya majivu.

"Kwa hiyo nilipofika pale uani," akasema mzee, "ulikuwa na maji mdomoni."

"Ndiyo, babu."

"Ungeyameza."

"Zilikuwa zimebaki sekunde themanini, babu."

Akanitazama juu ya miwani. Akamtazama dada yake. Bibi Agnesi alikuwa ameshika simu ikiwa bado hewani, na ndiye aliyeanza, tumbo kwanza, kisha mabega, kisha mkoba ukaanguka. "Sekunde themanini," akasema, na akashindwa kuendelea. Mama naye, aliyekuwa amebana tangu saa nne, akachekea kwenye upande wa kanga. Mzee peke yake hakucheka. Alifunga daftari, akalinyoosha juu ya magoti.

"Toka nje," akaniambia. "Nenda mpaka kwenye uzio. Uje upya."

Nikatoka. Nikaenda mpaka kwenye uzio, jirani ananiangalia, nikageuka, nikatembea, nikaingia, nikapiga goti mbele yake. "Shikamoo, babu." Kwenye ile herufi m mate yalivuja, nikayafuta kwa mkono. "Marahaba," akasema. "Na bibi yako?" Nikamwamkia bibi. "Na wewe," akamgeukia Yona, "uliyemfanya dada yako bubu kwa mdomo wako. Leo huo mdomo hautatumika tena hapa mpaka nipande gari. Barua yako nimeisoma, imeandikwa vizuri, lakini karatasi haina uso. Nataka mtu wa nyumba hii aniombe mjukuu wangu kwa kinywa chake. Ataniomba huyu."

Yona akafungua mdomo. Mzee akainua kidole. Yona akaufunga.

Nikasema baba mdogo yuko njiani, ndiye msemaji. Mzee akasema hamfahamu. Nikasema maneno yangu hayajanyooka bado. Akasema yeye hajaja kupima nguo.

Basi nikaomba. Sikuwa nimeandika popote, sikuwa nimefanya mazoezi, hakuna kioo. Nikasema kaka yangu ni mwoga, mmeona wenyewe, lakini tangu baba aondoke amekuwa akituma mahitaji bila kuombwa, na aliposikia uso wangu umeanguka alipanda basi usiku ule ule akaja kukaa kando ya kitanda changu, na hakucheka hata mara moja, ingawa nilikuwa nachekesha. Nikasema akimpenda mtu anaharibikiwa akili kama alivyoharibikiwa leo. Nikasema tunamwomba Rehema awe mtu wa nyumba hii. Kila penye kubana midomo palivuja, tone moja lilimfikia mzee kwenye mkono nikaliona kabisa linavyong'aa, na sikusimama kulifuta, nikaendelea, na nilipomaliza nikagundua nilikuwa nimeongea muda mrefu kuliko miezi yote ile ukiijumlisha.

Mzee akajipangusa ule mkono kwa kofia, akasema, "Sasa umenibariki na wewe." Na hapo ndipo akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyekuwa anakihifadhi. "Mchukueni," akasema. "Ila aje afundishe watu hapa kumeza maji."

Bibi Agnesi akapiga vigelegele vya pili, na ile simu ilikuwa bado hewani, maana tukasikia na upande wa Ikungi wakijibu bila kujua wanashangilia nini. Rehema mwenyewe alisikia hivyo, kwamba ameposwa na bubu aliyepona, na ilibidi nimweleze jioni nzima. Baba mdogo alifika saa sita kamili, amevaa koti, ana karatasi ya hotuba mfukoni, akakuta watu wanakula, na Yona akimweleza kwa ishara za mikono kwamba mambo yameshakwisha.

Harusi ilikuwa miezi mitatu baadaye. Uso wangu umerudi, si wote, kushoto bado kunachelewa kidogo nikicheka, na nimeuacha uchelewe. Kwenye daftari la siku ile niliandika dakika tano, nikakaa nikaitazama ile safu ya nyota muda mrefu, na sikuweka nyota, kwa sababu nilifaulu lakini mnajua wenyewe. Mazoezi bado nafanya, kumi, siyo ishirini. Ila maji nimeapa: nayaweka mdomoni nikiwa chumbani, mlango nimeufunga kwa komeo, na nikisikia tu fimbo inagonga chini huko nje, hata kama imebaki sekunde moja, nameza.

Mzee Ntandu akija siku hizi hapigi hodi. Anasimama uani, anapaza sauti, "Bubu wangu yuko wapi?" Nami huko ndani, popote nilipo, najibu kwanza, ndipo nauliza nimevaa nini.